Tagi za Applet, Object na Embed: Kuzitafuta, Kuzitoa, Kuziba Pengo

Hotuba kwa wasimamizi wa tovuti na walimu wa TEHAMA wa Kanda ya Kati, Dodoma

Ndugu wasimamizi wa tovuti, walimu wa TEHAMA, na vijana wa vyuo mliopo hapa Dodoma na mliotoka Singida, Kondoa, Mpwapwa na Manyoni, asanteni kwa kuitikia wito. Mada ya leo haina mvuto wa akili bandia. Ni tagi za HTML ambazo zamani zilitumika kupachika programu ndogo ndani ya ukurasa: `applet`, `object`, `embed`, na `param` inayozifuata kila ziendako. Wengi wenu mmerithi tovuti zilizojengwa na watu ambao sasa wamehamishwa au wamestaafu, na ndani ya tovuti hizo tagi hizi bado zimo.

Ubaya wake ni kwamba hazilalamiki. Kiungo kikivunjika, mgeni huona 404, yaani ujumbe kwamba ukurasa haupo, na akiudhika atapiga simu. Hifadhidata ikigoma, ukurasa hutoa ujumbe wa kosa. Lakini tagi ya `applet` ikikutana na kivinjari cha leo, mgeni haonyeshwi kosa lolote. Kiwango cha HTML cha sasa kinakiagiza kivinjari kiichukue `applet` kama elementi kisichoijua, sawa na kama ungebuni tagi yako mwenyewe ukaiita `ugali`. Kivinjari kinaipita tagi na kuonyesha maandishi yaliyomo ndani yake, kama yamo. Tazameni mfano huu wa chati ya mvua:

```
<applet code="tz.hewa.ChatiMvua.class" codebase="apleti/"
        archive="chati.jar" width="480" height="300"
        alt="Chati ya mvua ya mwezi kwa mwezi">
  <param name="data" value="mvua.txt">
  <param name="rangi" value="336699">
  Kivinjari chako hakina Java.
</applet>
```

Kwenye Chrome, Firefox, Edge au Safari ya leo, mgeni ataona maneno "Kivinjari chako hakina Java" yamejibana katikati ya maandishi mengine. Upana wa 480 na kimo cha 300 havihesabiwi tena, kwa hiyo nafasi ya chati hujifunga na aya ya chini hupanda juu. Na yale maneno ya `alt`? Hayaonekani popote. Sifa hiyo iliwekwa kwa ajili ya kivinjari kinachoielewa tagi lakini kimeshindwa kuendesha Java, lugha iliyoandikiwa programu hizo ndogo. Kivinjari kisichoitambua tagi hakishughuliki na sifa zake. Aliyeandika maelezo yote kwenye `alt` na kuacha ndani patupu, ukurasa wake leo una pengo ambalo mgeni hawezi hata kujua kwamba ni pengo.

`object` ina tabia tofauti, maana yenyewe bado ni elementi hai. Kivinjari hujaribu aina ya faili iliyotajwa, kikishindwa kinaonyesha yaliyomo ndani ya tagi. `embed` haina tagi ya kufunga, kwa hiyo haina pa kuweka maneno ya akiba. Chrome huchora kisanduku chenye ujumbe kwamba programu jalizi (plugin, programu ya nje inayoongezwa kwenye kivinjari) haikubaliki. Huyo wa mwisho walau ni mkweli.

Historia yake nitaipita haraka. Mwaka 1995 kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani ilitoa Java pamoja na kivinjari chake, HotJava, na humo kulikuwa na tagi iliyoitwa `app`. Ikageuzwa kuwa `applet`, Netscape Navigator 2.0 ikaibeba mwaka 1996, na HTML 3.2 ya Januari 1997 ikaipa kibali. Desemba ya mwaka huohuo HTML 4.0 ikatoka na kuiweka katika kundi la tagi zisizopendekezwa, ikisema tumieni `object`. Hesabuni wenyewe: tagi iliyotumika kwa karibu miaka 20 ilikuwa na heshima kamili kwa miezi 11 tu. `embed` ni kinyume chake. Netscape waliibuni bila kumwuliza mtu, HTML 4 haikuitambua kabisa, lakini kwa kuwa kila mtu aliitumia, HTML5 ya mwaka 2014 iliiingiza rasmi, na ipo hadi leo.

Sasa tuifungue tagi yenyewe, sehemu kwa sehemu. Mtu anaweza kuuliza, ya nini kuchambua kitu kilichokufa? Kwa sababu huwezi kuokoa kilichokuwemo bila kujua mafaili yake yako wapi, na majibu yote yamo ndani ya sifa hizi.

`code` inataja klasi kuu, yaani faili la msimbo wa Java ulio tayari kuendeshwa. `codebase` inataja folda ya kuanzia, ikihesabiwa kutoka kwenye ukurasa. `archive` inataja faili la JAR, ambalo kwa kweli ni ZIP yenye jina jingine. Yanaweza kuwa kadhaa, yakitenganishwa kwa mkato. Ikiwa hakuna `archive`, basi klasi zimelala wazi kwenye folda, na hapo ndipo watu hukosea. Jina `tz.hewa.ChatiMvua` lina kifurushi, kwa hiyo faili lazima likae `apleti/tz/hewa/ChatiMvua.class`. Fundi aliyeona njia ni ndefu akaweka `codebase="apleti/tz/hewa/"` na `code="ChatiMvua.class"` alipata `NoClassDefFoundError` yenye maneno "wrong name", kwa sababu jina lililochongwa ndani ya faili halilingani na mahali lilipokutwa.

Herufi kubwa na ndogo nazo zimeua apleti nyingi, yaani hizo programu ndogo za Java. Mtu alijenga kwenye kompyuta ya Windows, ambako `chatimvua.class` na `ChatiMvua.class` ni kitu kimoja, akapeleka kwenye seva ya Linux ambako ni vitu viwili. Halafu kuna mafaili yenye alama ya dola, kama `ChatiMvua$1.class`. Hizo ni klasi za ndani, na mtu anayehamisha faili mojamoja kwa mkono huona kama takataka za mfumo na kuziacha. Bila hizo apleti hufunguka, kisha hufa unapobonyeza kitufe cha kwanza.

Kuna kosa moja ambalo nawaomba mlikariri, kwa sababu linaeleza mambo mengi kwa namba moja: `Incompatible magic value 1008813135`. Kila faili la klasi la Java huanza na baiti nne ambazo kwa mfumo wa heksadesimali husomeka CAFEBABE. Java ikisoma kitu kingine mahali hapo, inakataa na kuandika ilichokikuta. Namba 1008813135 kwa heksadesimali ni 3C21444F, na baiti hizo kwa herufi ni `<!DO`, yaani mwanzo wa `<!DOCTYPE`. Maana yake seva haikuleta klasi. Ilileta ukurasa wa HTML wa "samahani, faili halipo", tena pengine ikiwa na jibu la 200 (mambo ni sawa) badala ya 404. Mkiona namba hiyo, acheni kuchunguza Java. Chunguzeni njia ya faili. Ikiwa baiti za mwanzo ni sahihi lakini faili bado linakataliwa, ulizeni lilihamishwa kwa FTP (njia ya kupeleka mafaili kwenye seva) ya namna gani: hali ya ASCII, iliyokusudiwa maandishi, hubadilisha alama za mwisho wa mstari ndani ya faili la baiti na kuliharibu kabisa.

`param` ni vigezo, jina na thamani. Msizidharau. Katika tovuti nyingi za zamani takwimu zenyewe ziliandikwa humo: orodha ya miezi, viwango, majina ya vituo. Pale ambapo `param` inataja faili, kama `mvua.txt` hapo juu, jueni kwamba mwandishi wa apleti alikuwa na njia mbili za kulitafuta: kuanzia folda ya `codebase`, au kuanzia folda ya ukurasa. Tagi haisemi alichagua ipi. Tazameni kote kuwili. Na mkikuta `param` yenye jina `cabbase`, hiyo ni ya Internet Explorer ya zamani: klasi zilezile zimefungwa upya katika faili la CAB, ambalo kwenye Linux hufunguliwa kwa `cabextract`. Mara nyingine JAR imepotea na CAB ndiyo imebaki.

Kuhusu `object`, mtakutana na namba ndefu ya kutisha: `clsid:8AD9C840-044E-11D1-B3E9-00805F499D93`. Hiyo ni Java kwa Internet Explorer. Inayoanza na `D27CDB6E` ni Flash, programu jalizi ya kuchezesha katuni, video na michezo. Vivinjari vingine havikuielewa `classid` ya namna hiyo, kwa hiyo `embed` ikawekwa ndani ya `object`, na kila kigezo kikaandikwa mara mbili: mara moja kama `param`, mara nyingine kama sifa ya `embed`. Matokeo yake ni yale mnayoyajua: mtu alisasisha upande mmoja na kuusahau wa pili. Msichukue thamani ya kwanza mtakayoiona. Linganisheni pande zote mbili, na zikitofautiana, tafuteni nyaraka ya karatasi kabla ya kuamua ipi ni sahihi.

Kwa nini vivinjari viliacha? Sababu kubwa ni usalama. Programu jalizi ya Java haikuwa sehemu ya kivinjari. Ilipita kwenye mlango ulioitwa NPAPI, uliotoka enzi za Netscape, na aliyepita mlango huo aliweza kugusa kompyuta yote. Java yenyewe ilizifungia apleti zisizo na sahihi (saini ya kidijitali ya mwandishi) katika eneo lenye ukuta, lakini ukuta ulitobolewa mara kwa mara. Januari 2013 tundu moja lilianza kutumiwa na wahalifu kabla ya kiraka kutoka. Januari 2014 Java 7 toleo la 51 likaanza kukataa apleti zisizo na sahihi ya kuaminika, na hapo ndipo apleti nyingi za mashuleni na maofisini zilipokata roho, kabla hata vivinjari havijafunga mlango. Chrome ikaondoa NPAPI Septemba 2015, Firefox toleo la 52 likafuata Machi 2017 na kuibakiza Flash peke yake. Oracle, kampuni iliyoinunua Sun, nao katika JDK 11 (kifurushi cha vifaa vya Java) ya Septemba 2018 wakaiondoa programu jalizi yenyewe pamoja na chombo cha `appletviewer`. Flash ilifikia mwisho tarehe 31 Desemba 2020, na kuanzia 12 Januari 2021 kicheza Flash chenyewe kikaanza kuyazuia mafaili yake.

Tuingie kwenye kazi. Kwanza kuzitafuta. Kuangalia kurasa kwa macho hakutoshi, kwa sababu niliyoieleza mwanzo. Ingieni kwenye seva na mtafute ndani ya msimbo:

```
grep -rniE '<(applet|object|embed|param)' /var/www/
grep -rniE 'deployJava|swfobject|AC_RunActiveContent|x-java|clsid:' /var/www/
find /var/www/ -type f -iregex '.*\.\(class\|jar\|cab\|swf\|jnlp\)'
```

Amri ya pili ina kisa chake. Mwaka 2003 mahakama ya Marekani iliipa kampuni ndogo ya Eolas ushindi wa zaidi ya dola milioni 520 dhidi ya Microsoft, kwa hataza iliyohusu kupachika programu ndani ya ukurasa wa wavuti. Kesi iliendelea kwenye rufaa, lakini mwaka 2006 Microsoft walibadilisha Internet Explorer ili mtumiaji abonyeze kwanza kabla apleti au Flash haijaanza kumsikiliza. Waandishi wa kurasa wakapata njia ya kukwepa: tagi iandikwe na faili la JavaScript lililo nje ya ukurasa, kwa `document.write`. Kwa hiyo kurasa nyingi za miaka ile hazina neno `applet` hata moja ndani ya HTML. Ukitafuta kwenye mafaili ya `.html` peke yake, utatoka na jibu la uongo.

Tovuti inayotumia mifumo ya kuendeshea tovuti kama WordPress au Joomla huhifadhi maandishi kwenye hifadhidata, na `grep` ya folda haitayagusa. Kwa WordPress ulizeni hivi:

```
SELECT ID, post_title FROM wp_posts
WHERE post_content LIKE '%<applet%'
   OR post_content LIKE '%<object%'
   OR post_content LIKE '%<embed%';
```

Kiambishi `wp_` kinaweza kuwa kingine kwenye tovuti yenu, tazameni `wp-config.php`. Na tahadhari mbili. Ya kwanza: JAR zilizomo kwenye `WEB-INF/lib` za Tomcat, seva ya programu za Java, si apleti, ni maktaba za mfumo unaofanya kazi leo. Ukizifuta, utaitwa Jumamosi usiku. Ya pili: msiamini kumbukumbu za seva katika kupima umuhimu. Mtu atasema, "Tangu mwaka jana hakuna aliyeomba faili la `chati.jar`, kwa hiyo hakuna anayelihitaji." Vivinjari haviiombi JAR tena kwa kuwa haviielewi tagi. Hesabuni maombi ya ukurasa uliobeba tagi, hapo ndipo mtajua ni wananchi wangapi wanafika na kukuta patupu.

Kabla ya kufuta chochote, hifadhini. Chukueni ukurasa mzima, JAR zote, mafaili ya takwimu, picha, na mpangilio wa folda kama ulivyo. `jar tf chati.jar` au `unzip -l chati.jar` itawaonyesha yaliyomo. Mara chache, kwa bahati nzuri, fundi wa zamani aliweka humo hata faili la `.java`. Amri ya `javap -verbose -cp chati.jar tz.hewa.ChatiMvua` itawapa namba ya toleo: 50 ni Java 6, 51 ni Java 7, 52 ni Java 8.

Mkitaka kuiona apleti ikifanya kazi mara ya mwisho, na nashauri mfanye hivyo ili mjue mnachokirudisha, tumieni kompyuta isiyounganishwa na mtandao, wekeni JDK 8, na muiendeshe kwa `appletviewer mvua.html`. Chombo hicho husoma tagi za `applet`, `object` na `embed` peke yake na kupuuza ukurasa uliobaki, kwa hiyo msishangae kuona dirisha tupu lenye chati tu. Pigeni picha za skrini za kila hali: kabla ya kubonyeza, baada ya kubonyeza, na inapopewa thamani mbovu.

Yapo maofisi ambayo bado yana mfumo wa ndani unaodai Java kwenye kivinjari. Internet Explorer 11 iliagwa tarehe 15 Juni 2022, lakini Edge ina hali ya Internet Explorer inayoweza kuibeba programu jalizi ya zamani, na Microsoft wameahidi kuitunza walau hadi mwaka 2029. Iwe ni daraja la muda, kwa anwani mnazozitaja moja moja kwenye orodha. Kuacha kompyuta ya mhasibu ikiwa na Firefox ya kale na Java ya kale, huku anasoma barua pepe kwenye mashine hiyohiyo, ni kujitafutia msiba.

Sasa kuziba pengo. Swali la kwanza si "tutumie teknolojia gani?" bali "apleti hii ilikuwa inafanya nini?" Nyingi zilikuwa zinaonyesha tu. Saa, maandishi yanayotembea, menyu inayobadilika rangi, ziwa linalotikisika chini ya picha ya jengo la halmashauri: futeni, msitafute mbadala. Chati ya miezi 12 haihitaji programu. Jedwali la HTML linatosha, na chati ya SVG (mchoro unaokuzwa bila kuharibika) juu yake ni nyongeza nzuri. Kwa SVG wekeni `viewBox="0 0 480 300"` na upana wa asilimia 100, chati itajipanga yenyewe kwenye simu. Mkiandika 480 kama upana usiobadilika, msomaji wa Bahi mwenye simu ndogo atakuwa anavuta ukurasa kushoto na kulia.

`canvas`, elementi ya HTML ya kuchorea kwa JavaScript, inafaa pale picha inapobadilika kwa kasi, kama mchezo au jaribio la fizikia. Sifa zake za `width` na `height` huweka idadi ya pikseli za kuchorea, wakati CSS, lugha ya mwonekano wa ukurasa, huweka ukubwa wa kuonekana. Vikitofautiana, mchoro huvutwa na kuwa ukungu. Zidisheni sifa hizo kwa `devicePixelRatio`. Kumbukeni pia kwamba maandishi yaliyochorwa ndani ya `canvas` hayasomwi na programu za wasioona, kwa hiyo takwimu ziwekwe pia kama maandishi ya kawaida.

Vikokotoo ndivyo vinavyoonekana rahisi kuhamisha kutoka Java kwenda JavaScript, maana lugha zinafanana sura. Hapo ndipo hesabu huharibika. Katika Java, 7/2 ya namba kamili ni 3. Katika JavaScript ni 3.5. Kikokotoo cha posho au cha mifuko ya mbegu kilichohamishwa neno kwa neno kitatoa majibu yanayokaribia ukweli, na hayo ni mabaya kuliko majibu ya ajabu, kwa kuwa hakuna atakayeyatilia shaka. Kila mgawanyo wa namba kamili ufungwe ndani ya `Math.trunc`. Mizunguko nayo ina mtego: apleti ilizungusha uzi wake yenyewe kwa `Thread.sleep`, bila kuusumbua ukurasa. Ukiandika `while` ya kungoja katika JavaScript, ukurasa mzima unaganda. Tumieni `requestAnimationFrame` kwa mwendo, na `setTimeout` kwa kusubiri.

Kama hamna msimbo asilia, na apleti ni kubwa kiasi kwamba kuiandika upya ni kazi ya miezi, ipo CheerpJ inayoendesha Java ndani ya kivinjari kwa kutumia WebAssembly (msimbo wa kasi ambao kivinjari huuendesha chenyewe) na JavaScript bila programu jalizi. Kwa Flash ipo Ruffle, iliyoandikwa kwa lugha ya Rust. Inayamudu vizuri mafaili ya ActionScript, lugha ya Flash, toleo la 1 na la 2. Ya ActionScript 3 yajaribuni moja baada ya jingine kabla ya kuahidi. Vyote viwili humlazimu msomaji kupakua injini kabla ya kuona kitu, kwa hiyo fungueni dirisha la mtandao (Network) katika zana za msanidi za kivinjari, pimeni megabaiti, kisha mjiulize kama mtu anayenunua bando la siku atasubiri. Hakikisheni pia seva inatuma mafaili ya `.wasm` kwa aina `application/wasm`. Seva ya zamani huyatuma kama maandishi au baiti zisizojulikana, na kivinjari hulalamikia aina hiyo.

Walimu wenzangu, kwenu kazi kubwa imekwisha kufanywa. Majaribio ya PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ambayo zamani yalikuwa ya Java na Flash, mengi yameandikwa upya kwa HTML5, na yapo yenye Kiswahili. GeoGebra nayo haihitaji Java tena kwenye ukurasa. Molekuli zilizochorwa kwa apleti ya Jmol sasa huchorwa kwa JSmol. Msitumie wiki nzima kufufua apleti ya pendulamu.

Lakini shule zina tatizo ambalo miongozo ya mtandaoni hailifikirii, nalo ni chumba cha kompyuta kisicho na intaneti. Apleti ilifanya kazi kutoka kwenye CD au flashi kwa kubonyeza faili mara mbili. Mbadala wake mara nyingi haufanyi. Ukurasa ukifunguliwa kwa anwani inayoanza na `file://`, Chrome hukataa `fetch` ya faili la takwimu, hukataa skripti za `type="module"`, na WebAssembly hukwama vilevile kwa kuwa nayo huletwa kwa `fetch`. Msanidi aliyejaribu kwenye seva yake atasema inafanya kazi, na mwalimu wa Chemba atasema haifanyi. Wote wawili wanasema kweli. Dawa ni mbili. Ya kwanza: wekeni takwimu ndani ya skripti ya kawaida kama kigeugeu (variable), msiziite kutoka faili la pembeni. Ya pili, kwa kazi kubwa: kompyuta moja ya mwalimu iwe seva. Ikiwa ina Python, ingieni kwenye folda na muandike `python3 -m http.server 8000`, kisha wanafunzi wafungue anwani ya IP ya kompyuta hiyo ikifuatwa na `:8000`. Firewall ya Windows itauliza ruhusa. Ikikataliwa, kompyuta ya mwalimu itaona ukurasa na za wanafunzi hazitauona.

Kwa upande wa tovuti zilizohamia `https`, chungulieni jambo hili: apleti isiyo na sahihi iliruhusiwa kuzungumza na seva ilikotoka tu, kwa hiyo anwani za takwimu mara nyingi ziliandikwa kamili, zikianza na `http://`. Ukizinakili kwenye JavaScript ya ukurasa wa `https`, kivinjari kitazizuia kwa kuwa ni mchanganyiko wa salama na isiyo salama. Na anwani yenye `www` na isiyo na `www` ni asili mbili tofauti. Tumieni njia fupi inayoanza na mkwaju, bila jina la seva.

Msifute kila `object` mnayoiona. Inayobeba PDF au SVG ni halali, ilimradi ndani yake kuna kiungo cha kupakua, kwa sababu simu nyingi haziwezi kuonyesha PDF ndani ya ukurasa. Zinazoondoka ni zenye `classid`, `codebase` na `archive`, na `param` pamoja nazo, maana kiwango cha sasa kimeziondoa zote kwenye orodha ya vinavyoruhusiwa.

Mkishaweka mbadala, toeni JAR, CAB na SWF kwenye folda inayoonekana hadharani na kuzipeleka kwenye hifadhi ya ndani; faili la zamani lenye sahihi iliyokwisha muda halina kazi tena kwenye seva ya umma. Kisha tafuteni maneno. Kurasa nyingi zilizobeba apleti zina sentensi kama "Bonyeza hapa kusakinisha Java ili uone chati", na kiungo chake kinaelekea mahali ambapo programu jalizi haipo tena, au jina la tovuti limekwisha kununuliwa na mtu mwingine. Mwananchi mtiifu atafuata maelekezo hayo, atakosa alichoelekezwa, ataandika kwenye injini ya kutafutia "pakua Java ya zamani", na atapakua chochote kitakachotokea juu. Sentensi hiyo itafuteni kwa `grep` nayo, katika Kiswahili na Kiingereza, na ifutwe hata kwenye kurasa ambazo bado hamjapata muda wa kuziwekea mbadala.